Matangazo Yaliyolala Chini ya Diski

Sehemu ya Kumi na Nne

Folda ilikuwa tupu.

Hapo ndipo tulipomwacha Fundi wiki iliyopita, kidole kikining'inia juu ya kibodi. Wasomaji watatu wamenipigia simu kunilalamikia, na mmoja amedai nilimnyima usingizi. Samahani, dada yangu, lakini aliyekuwa na hali mbaya zaidi ni Fundi mwenyewe.

Kwa anayepandia njiani, nitamvuta mkono upesi. Tuko kwenye chumba cha matangazo cha stesheni ya treni: meza moja, kompyuta moja kongwe, maikrofoni, na dirisha linalotazama jukwaa namba moja. Fundi ni binti anayetunza mitambo ya humo. Shangazi yake, dada wa baba yake kabisa, amekuwa sauti ya stesheni hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Ratiba mpya inaanza leo Jumatatu kwa treni ya saa sita mchana, na kwa ajili yake Shangazi alishinda alasiri yote ya Ijumaa akirekodi matangazo mapya mia mbili na kumi na mawili.

Jumamosi akaamka hana sauti. Daktari akamwambia asitoe hata neno moja kwa wiki mbili, la sivyo asishangae sauti ikikataa kurudi kabisa. Tangu hapo anaongea kwa daftari na kalamu.

Kwa hiyo wa kurekodi upya hayupo. Na Mkaguzi kutoka makao makuu ameshashuka na kisanduku cheusi kinachotangaza chenyewe. Saa sita ikigonga bila sauti ya Shangazi kusikika kwenye vipaza sauti, kisanduku kinafungwa mezani na Shangazi anastaafishwa leo hii hii.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika kumi.

Shangazi akavuta daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa haraka: "Ijumaa jioni, nilipomaliza kurekodi, nilitoka kunywa maji. Niliporudi nilimkuta Masta anatoka humu. Alishtuka."

Fundi akasoma mara mbili. Stesheni Masta? Yule anayeomba radhi hata akigonga mzigo wa abiria?

Kabla hajamaliza kuwaza, mlango ukafunguliwa akaingia Masta mwenyewe, kofia mkononi. Hakumtazama Fundi. Alimtazama Shangazi.

"Habari za asubuhi, bibie. Umeshasikiliza zile rekodi zako?"

Stesheni nzima ilijua desturi ya Shangazi. Hakuna tangazo lake lililotoka nje kabla hajalisikiliza kwanza peke yake, vifaa vya masikioni kichwani na macho kayafumba. Leo hakuwa na cha kusikiliza. Akatikisa kichwa.

Masta akawa kama aliyemwagiwa maji. Fundi akaliona hilo na damu ikamchemka.

"Masta, Ijumaa jioni ulikuja kufanya nini humu?"

"Nani, mimi?"

"Kuna Masta mwingine?"

"Nilipita. Nilipita tu kuangalia dirisha."

"Dirisha lilikuwa na nini?"

"Halikuwa na kitu," akasema Masta, akiigeuzageuza kofia. "Ndiyo maana nikatoka."

Msomaji, mtu akiulizwa habari za chumba akajibu habari za dirisha, huyo ana jambo lake. Fundi alikuwa anajiandaa kumbana zaidi, lakini Mkaguzi naye akaingia, miwani mbele, kisanduku kwapani.

"Shikamoo, mama," akasema Fundi, na kwa mkono mmoja akaifunika skrini na gazeti.

"Marahaba. Matangazo yako tayari?"

"Yapo. Nayapanga."

Huo ulikuwa uongo, na nausema wazi kwa sababu sipendi kuwaficha kitu. Lakini wewe ungesemaje?

"Mimi si mtu mbaya," Mkaguzi akasema, akakiweka kisanduku mezani, "lakini nina fomu, na fomu ina saa. Saa sita. Sikilizeni wenyewe hiki kinavyofanya." Akabonyeza kitufe.

"Treni. Ya. Mizigo. Ina. Pita," kikasema kisanduku, kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua.

Shangazi akaandika kitu kwenye daftari, akalifunga haraka. Mimi nilichungulia, ila sitakichapa, maana gazeti hili husomwa na watoto.

"Lakini kweli kuna treni ya mizigo," Masta akakumbuka, akitazama saa yake. "Inapita sasa hivi bila kusimama. Nani anatangaza?"

Wote wakamtazama yeye. Shangazi hana sauti, Fundi mikono yake imejaa, Mkaguzi ni mgeni. Masta akaisogelea maikrofoni mguu ukimvuta nyuma. Kwa miaka kumi na moja ya kazi stesheni hiyo alikuwa hajawahi kuwatangazia abiria hata mara moja.

"Ndugu abiria," akaanza, akakohoa. "Inakuja treni. Ya mizigo. Haina ubaya na mtu, lakini sogeeni nyuma kidogo. Asanteni. Samahani."

Abiria jukwaani wakacheka, wakasogea. Treni ikapita kwa kishindo, Masta akachomoka nje na Mkaguzi akamfuata akiandika kitu kwenye fomu. Shangazi alikuwa anatabasamu peke yake, kisha akakumbuka shida iliyopo akaacha.

"Usimchekee huyo," Fundi akanong'ona. "Nakwenda ofisini kwake. Kila tukio la stesheni linaandikwa kwenye daftari kubwa. Ijumaa yote itakuwa humo."

Ofisi ya Masta ilikuwa hatua sita tu, ukuta kwa ukuta. Mwenyewe alikuwa jukwaani na Mkaguzi. Fundi akaingia kwa kunyata, akalifungua daftari kubwa juu ya meza, na akiwa ameinama hivyo akaliona sanduku la safari. Lilikuwa limesukumwa chini ya meza, limefungwa na mikanda yake miwili.

Basi hapo shaka yote ikamtoka. Mtu kafuta matangazo, kafungasha, anataka kutoroka. Akafunua kurasa kwa hasira mpaka Ijumaa.

Asubuhi, shwari. Saa sita, shwari. Kisha, kwa mwandiko uleule wa Masta, mdogo na ulionyooka: "Saa saba na dakika kumi. Umeme ulikatika stesheni nzima. Ukarudi baada ya dakika nne."

Fundi akasimama pale pale. Hasira yote ikamwisha, ikabaki aibu.

Saa saba na dakika kumi siku ya Ijumaa yeye alikuwa juu ya nguzo jukwaa namba tatu, anafunga kipaza sauti. Hakujua habari za umeme wowote. Na Shangazi alianza kurekodi saa nane.

Akarudi mbio, nusura aukose mlango.

"Shangazi, si Masta. Ni mimi."

Shangazi akainua nyusi.

"Kaa nikueleze. Ile diski ya zamani si ilikufa? Na programu ya matangazo ina kiburi, haisomi sauti ila kutoka kwenye diski yake. Diski za namna ile hakuna anayeziuza tena. Sasa ile niliyokutengenezea Alhamisi, si diski. Ni faili."

"Faili kama barua?" Shangazi akaandika.

"Faili la kawaida kabisa, kama barua, ila kubwa. Niliandika amri kwenye hili dirisha jeusi la kwenye skrini, nikalijaza sifuri tupu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha nikalipanga kwa amri nyingine kama unavyopanga diski mpya. Halafu nikalipachika kwenye folda yako, ile inayoitwa Sauti. Kompyuta ikaamini ni diski. Kila ukiingia kwenye folda ile, unaingia ndani ya faili bila kujua."

Shangazi akamwonyesha kwa mkono: endelea, saa inakwenda.

"Kompyuta ikizimika, faili halipotei. Lakini linabanduka, na lazima mtu alipachike tena kwa mkono. Nilitakiwa kuandika mstari mmoja tu ili lijipachike lenyewe kila mashine ikiwaka. Nikasema nitaandika kesho. Ijumaa umeme ukakatika, kompyuta ikajiwasha, ukakaa ukarekodi. Folda ulikuwa unaiona, jina lake Sauti, ukaona kila kitu kiko sawa."

Shangazi akaandika polepole safari hii: "Kwa hiyo nilirekodi hewani?"

"Hapana. Uliweka kwenye folda yenyewe, tupu, isiyo na diski juu yake. Leo asubuhi nimefika, nikaona diski haijapachikwa, nikaipachika bila kuangalia kilichomo. Ni kama mtu anakuta nguo zako umezikunja kitandani, yeye anatandika shuka juu yake. Ukitazama kitanda unaona shuka tu."

Machozi yalimlengalenga Shangazi. Kisha akaandika: "Una hakika au unajipa moyo?"

"Najipa moyo."

"Hakikisha kwanza. Usiguse kitu ukamaliza hata hicho kidogo."

Ndiyo maana nampenda huyu mama. Wengine tungekuwa tumeshaanza kubonyeza kila kitu.

Fundi akashusha pumzi. Pembeni ya skrini alikuwa amebandika kipande cha karatasi tangu Alhamisi, baada ya kutengeneza faili lake. Juu yake kulikuwa na maneno machache: "Kompyuta imejaa asilimia 71." Akaingia kwenye dirisha jeusi, akaandika herufi mbili tu, d na f, amri ya kuuliza nafasi iliyobaki.

Jibu likaja. Asilimia sabini na nane.

"Nani kala asilimia saba?" akauliza kwa sauti ya chini.

Shangazi akasogeza kiti.

"Tazama, Shangazi. Lile faili langu lilishachukua nafasi yake yote siku ya Alhamisi. Ni kama sanduku, liwe tupu au limejaa linakalia sakafu ileile. Kama sauti zako zingeingia ndani yake, kompyuta ingebaki sabini na moja. Kama usingerekodi kitu, ingebaki sabini na moja. Lakini imepanda saba. Kuna kitu kizito kimewekwa sakafuni, nje ya sanduku, na mimi sikioni."

"Ni mimi," akaandika Shangazi.

"Ni wewe."

Saa tano na nusu ilikuwa imeshapita. Fundi akaifunga programu ya matangazo, akaandika amri ya kuibandua diski, akabonyeza.

Kompyuta ikakataa. Ikajibu kwa Kiingereza chake cha kibabe kwamba diski inatumika.

"Inatumiwa na nani?" Fundi akarudia amri. Ikakataa tena. "Kuna mtu yuko ndani ya hii folda. Kuna mtu yumo humu sasa hivi anaangalia."

Akageuka kuutazama ukuta wa ofisi ya Masta. Shaka ikarudi mbio kuliko ilivyoondoka. Sanduku lile la safari, mbona limefungwa?

Shangazi akamgonga begani kwa kalamu. Hakuandika kitu. Alionyesha pembe ya skrini, ambako kulikuwa na dirisha jingine jeusi, dogo, lililofunguliwa tangu asubuhi. Ndilo Fundi alilolitumia kuchungulia folda akaikuta tupu. Hakulifunga, na hakutoka ndani ya folda.

Mtu aliyekuwa ndani alikuwa Fundi.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Shangazi naye akacheka bila sauti, mabega yakimruka, mkono mdomoni ili asivunje amri ya daktari. Kicheko kile kiliwachukua karibu dakika nzima, na hawakuwa na dakika ya kupoteza, lakini mimi siwalaumu.

Fundi akalifunga lile dirisha dogo. Akaandika amri tena. Safari hii kompyuta haikusema neno, na kwa mashine za aina hii kimya ndiyo heri.

Akafungua folda ya Sauti.

Yalikuwapo. Moja, mbili, tatu, yakishuka kwenye skrini kama abiria wanaoteremka. Shangazi akakamata mkono wa Fundi akaubana, machozi yakamshuka waziwazi na hakujisumbua kuyafuta.

"Yako mia mbili na kumi na matatu," Fundi akasema.

Shangazi akatikisa kichwa, akaandika: "Mawili. Nilihesabu."

"Labda moja umelirudia. Tutaona baadaye, sasa muda hautoshi. Ngoja nijaribu lolote nione kama yamepona."

Akachagua bila kuangalia, likaangukia la tisini na saba. Kwenye kipaza sauti kidogo cha mezani sauti ya Shangazi ikajaa chumba: "Stesheni Masta, Stesheni Masta. Unahitajika chumba cha matangazo, jukwaa namba moja. Tafadhali usichelewe."

Lilikuwa tangazo la kawaida la kazi. Lakini Fundi alikua na sauti ya shangazi huyu masikioni tangu utoto, na hakukumbuka kumsikia akiitangaza treni yoyote kwa ulaini ule. Akamtazama. Shangazi alikuwa ameshageukia dirishani kana kwamba kuna ndege.

"Hili ulilirekodi mara ngapi, Shangazi?"

Shangazi akainua vidole vinne, akavishusha haraka.

Fundi hakuuliza zaidi. Akayahamisha matangazo yote kwenye folda nyingine, akaipachika diski mahali pake, kisha akaanza kuyanakili ndani, safari hii kweli ndani. Wakati mashine inahangaika, akaandika na ule mstari mmoja aliouahirisha Alhamisi. Alipomaliza aliusoma mara tatu.

Saa sita kasoro dakika tano mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mkaguzi, na nyuma yake Masta, amevaa koti, sanduku la safari mkononi.

"Hizi hapa funguo," Masta akamwambia Mkaguzi. "Na bendera ya kijani. Kuanzia saa sita ni zako mpaka mwenzangu afike jioni."

"Safari, Masta?" Fundi akauliza.

"Nimehamishwa. Kituo cha mwisho wa reli. Barua ilikuja wiki iliyopita, sikutaka kuwasumbua na ratiba mpya."

Kalamu ikamponyoka Shangazi, ikabingirika mpaka chini ya meza.

Basi hicho ndicho kisa cha sanduku, msomaji. Na Fundi aliyemwita mwizi moyoni mwake tangu asubuhi akatamani ardhi ipasuke.

Masta akamgeukia Shangazi. Aliona haya mpaka akainamisha macho. "Bibie, rekodi zako, bado hujasikiliza?"

Shangazi, kalamu haipo, akatikisa kichwa. Alimaanisha bado, nafasi haikupatikana, ningekueleza kama ningeweza. Masta hakuyaona hayo yote.

"Haya," akasema taratibu. "Basi nimeelewa." Akavaa kofia, akatoka. Dirishani wakamwona akipanda ngazi za daraja la chuma kuelekea jukwaa namba mbili, sanduku likimgonga goti.

"Dakika moja," akasema Mkaguzi, mkono juu ya kitufe cha kisanduku chake.

Mashine ikamaliza kunakili. Fundi akaiwasha programu ya matangazo. Ile kongwe ikanguruma, ikaikuta diski yake, ikaridhika. Saa sita ikagonga.

"Ndugu abiria," ikasema sauti ya Shangazi juu ya majukwaa yote matatu, nzito na safi kama ilivyokuwa miaka ishirini na miwili, "treni ya saa sita inaingia sasa. Tafadhali simameni nyuma ya mstari wa njano."

Wazee kwenye benchi wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Mkaguzi akaondoa mkono kwenye kitufe.

"Na umeme ukikatika?" akauliza.

"Itajipachika yenyewe. Nimeandika mstari."

"Lini?"

"Dakika kumi zilizopita."

Mkaguzi akamtazama juu ya miwani, kisha akacheka kidogo, akaifungua fomu. "Fomu inataka nisikie la kwanza na la mwisho. La kwanza nimelisikia. Cheza la mwisho, nitie sahihi, shangazi yako abaki kazini kwake."

Fundi, kwa furaha aliyokuwa nayo, akashuka mpaka chini ya orodha, akalichagua tangazo la mwisho, akalicheza. Alikumbuka akiwa ameshabonyeza. La mwisho lilikuwa namba mia mbili na kumi na tatu.

Vipaza sauti vikakohoa.

"Bibie," ikasema sauti ya mwanamume juu ya stesheni nzima. "Ni mimi, Masta. Najua rekodi zako huzisikiliza peke yako kabla hazijatoka nje, kwa hiyo haya yanabaki kati yetu sisi wawili."

Abiria mia tatu wakasimama kusikiliza.

"Miaka kumi na moja nakunywa chai nimeegemea ukuta wako, ili nikusikie. Treni ikichelewa nafurahi, maana unatangaza mara mbili. Sasa wamenihamisha. Jumatatu saa sita naondoka. Nimeandika barua ya kukataa, iko mfukoni, haijatiwa sahihi. Ukiniambia nibaki, natia sahihi. Neno moja linatosha. Kama huna neno kwangu, usiseme kitu. Nitaelewa."

Kiti kikasikika kikisogea, mlango ukafungwa, na rekodi ikaisha.

Juu ya daraja la chuma Masta alikuwa ameganda, mkono mmoja kwenye reli ya ngazi. Uso wake aliuelekeza kwenye dirisha la matangazo. Alisubiri, na stesheni nzima ikasubiri naye.

Ndani ya chumba Shangazi alikuwa ameshalikimbilia dirisha, anagonga kioo kwa viganja vyote viwili. Lakini treni ya saa sita ilikuwa inaingia, mabehewa marefu yakapita kati yao, na kioo kikagongwa bure. Vipaza sauti vilikuwa kimya. Hakuna neno lililosikika.

Kwenye mwanya kati ya behewa na behewa Fundi akamwona Masta akiitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mizigo yake. Akateremka ngazi upande wa jukwaa namba mbili. Akashika mlango wa behewa la mwisho.

Shangazi akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Fundi akamziba kwa mkono. "Shangazi, usithubutu. Daktari alisemaje?"

Shangazi akamsukuma. Fundi akamshikilia kwa nguvu, wote wawili wakihema.

"Ratiba ni ratiba," akasema Mkaguzi, lakini sauti yake haikuwa imara. Alikuwa ameshika bendera ya kijani, na kupitia mlango uliokuwa wazi dereva wa treni alikuwa anaitazama bendera hiyo.

"Sauti unayo, Shangazi," akasema Fundi. "Si tumeitoa chini ya diski sasa hivi? Niachie."

Akaruka kwenye kiti. Mlangoni, Mkaguzi akaipandisha bendera. Filimbi ikalia. Fundi akaandika tisa, akaandika saba, akabonyeza.

"Stesheni Masta, Stesheni Masta," ikasema sauti ya Shangazi juu ya majukwaa, juu ya daraja, juu ya mabehewa yaliyoanza kusogea. "Unahitajika chumba cha matangazo, jukwaa namba moja. Tafadhali usichelewe."

Magurudumu yakaongeza mwendo. Behewa likapita, na jingine, na jingine, na Shangazi amebandika paji la uso kwenye kioo. Behewa la mwisho likapita mbele yao, mlango wake wazi, likatokomea kwenye kona.

Jukwaa namba mbili likaonekana lote.

Sanduku la safari lilikuwa limesimama pale, mikanda yake miwili imefungwa. Juu yake kulikuwa na kofia ya kazi. Mwenyewe hakuwepo, si jukwaani, si kwenye benchi, si kwenye ngazi walizoweza kuziona.

"Hili halimo kwenye fomu," akasema Mkaguzi. Akavuta kiti, akakaa, bendera mapajani.

Shangazi akainama, akaitafuta kalamu yake chini ya meza, akalivuta daftari. Aliandika vizuri, herufi kubwa, akamsogezea Fundi asome.

"CHEZA TENA. USIACHE MPAKA AINGIE."

Fundi akaandika tisa, akaandika saba.